Land Rover 109 kwenye njia mbaya: dalili, chanzo, na wakati wa kuweka spana chini

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa mwaka 1948, na Series III za mwisho zilitoka kiwandani mwaka 1985. Hata ile changa kuliko zote, basi, ni gari la umri mkubwa. Afrika Mashariki tulizijua kama gari za bwana shamba, polisi, misheni na hospitali za wilaya, na baadhi ziliunganishwa Thika, Kenya. Zilizobaki zimepita mikononi mwa mafundi wengi, na kila fundi ameacha alama yake: waya uliounganishwa kwa selotepu, bolti isiyo ya saizi yake, themostati iliyotolewa na kutupwa.

Ukisikiliza malalamiko ya wenye magari haya, mengi yana mwendo mmoja. Gari lilikuwa na ugonjwa mdogo wa siku nyingi. Mwenye gari akaongeza kitu juu yake, iwe tairi kubwa, springi ngumu au injini ya dizeli yenye nguvu zaidi. Ugonjwa ukapanda, na lawama ikaenda kwa kile kitu kipya. Msimamo wangu ni huu, na sijaona sababu ya kuubadili: kwanza rudisha gari katika hali yake ya kiwanda, liendeshe hivyo kwa muda, ndipo ubadilishe kitu, tena kimoja kimoja. Ukibadilisha vitatu kwa siku moja, hutajua kipi kimeleta kelele.

Maelezo haya yanahusu hasa Land Rover 109 (ile ndefu, yenye inchi 109 kati ya ekseli) za matoleo ya Series IIA na Series III, zenye injini ya petroli ya lita 2.25. Kwa kila dalili nimeanza na chanzo kinachoonekana mara nyingi na kisichohitaji kufungua kitu.

Kabla hujaingia chini ya gari

Hendibreki ya gari hili haishiki magurudumu. Inashika shafti ya propela ya nyuma, pale inapotoka kwenye transfa boksi (sanduku linalogawa nguvu mbele na nyuma). Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu, yale meno ya katikati ya ekseli, inaliruhusu lile la hewani lizunguke upande mmoja na lile la chini lizunguke upande wa pili, na gari linatembea ingawa umevuta hendibreki mpaka mwisho. Usitegemee hendibreki peke yake. Weka kabari za mbao au mawe mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini, ingiza na ile fimbo yenye kirungu cha njano ili magurudumu ya mbele yafungwe pamoja na ya nyuma, kisha egemeza gari kwenye stendi za chuma. Jeki ni ya kuinulia tu. Mtu halali chini ya gari linaloshikwa na jeki.

Linachemsha mlimani au kwenye mchanga

Jiulize kwanza kama kweli linachemsha. Kwenye Series III, geji ya joto na geji ya mafuta zinapata umeme kupitia kifaa kimoja kidogo cha kutuliza volti nyuma ya dashibodi. Kifaa hicho kikiharibika, au kikikosa ethi nzuri (muunganiko wa umeme na chuma cha gari), mishale yote miwili hupanda pamoja. Ukiona tangi ulilojaza nusu linasoma limejaa na joto nalo limepanda, anza na kifaa hicho na waya wake wa ethi kabla ya kugusa injini.

Kama joto ni la kweli, fuata mpangilio huu:

1. Maji pungufu. Angalia mipira ya maji, kifuniko cha rejeta na mpira wake wa ndani. Kifuniko kisichoshika presha kinafanya maji yachemke mapema.
2. Rejeta imeziba kwa nje. Mbegu za nyasi, wadudu na tope vinajaa kati ya mapezi. Safisha kwa maji kutoka upande wa injini kuja mbele, si kinyume, na usitumie presha kubwa itakayolaza mapezi.
3. Feni belti imelegea. Ibonyeze kwa kidole gumba katikati. Ikiingia zaidi ya sentimita moja hivi, ikaze.
4. Kikinga upepo kinachozunguka feni kimetolewa. Mafundi hukitoa ili wapate nafasi ya mikono, kisha hakirudi. Bila hicho feni inavuta hewa ya pembeni badala ya hewa inayopita kwenye rejeta, na gari litachemsha hasa linapokwenda polepole, ambako ndiko kazi yake iliko.
5. Rejeta imeziba kwa ndani. Waliojazia maji ya kisima chenye chumvi kwa miaka mingi wanalijua hili. Gusa uso wa rejeta injini ikiwa imezimwa na imepoa kiasi: sehemu iliyoziba huwa baridi kuliko nyingine.
6. Taiming ya moto imechelewa, au kabureta inatoa mafuta kidogo mno.
7. Gasketi ya hedi imeungua.

Kuhusu themostati, najua wengi wataniambia gari lao halichemshi tangu waitoe. Injini isiyofikia joto lake inakula mafuta zaidi, inachafua oili na inachakaza silinda. Kama gari linahitaji kukaa bila themostati ili lisichemshe, basi rejeta haifanyi kazi yake, na siku ya mlima mrefu utalijua. Nunua themostati mpya, itumbukize kwenye sufuria ya maji ya moto uone inafunguka, kisha ifunge.

Usifungue kifuniko cha rejeta gari likiwa la moto, hata kwa kitambaa kinene. Na ukiona mapovu yanapanda mfululizo kwenye rejeta injini ikiunguruma, au oili ya kwenye kijiti imekuwa rangi ya chai ya maziwa, zima na uliburute gari. Utando mwepesi wa namna hiyo chini ya kifuniko cha oili peke yake unaweza kuwa unyevu tu, lakini kwenye kijiti si unyevu. Hedi iliyochemka sana hupinda, na kuisawazisha ni kazi ya mashine. Kuweka gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda ni kununua gasketi mbili.

Linamisi au linazima njiani, likipoa linawaka

Watu hutumia fedha nyingi kwenye dalili hii bila kufika popote, kwa sababu mafuta na umeme hutoa dalili zinazofanana. Kazi ya kwanza ni kutenganisha. Likizima, usisubiri lipoe. Chomoa waya wa plagi moja, uingize plagi ya akiba, igusishe plagi hiyo kwenye chuma cha injini mbali na kabureta na mvuke wa petroli, na mwenzako apige stata. Cheche ya buluu yenye mlio inasema nenda upande wa mafuta. Cheche ya njano hafifu, au hakuna kabisa, nenda upande wa umeme.

Upande wa umeme, pointi ndizo mwanzo. Mwanya wake ni kati ya milimita 0.35 na 0.40. Pointi zilizoungua na kuota kichuguu upande mmoja mara nyingi zinaonyesha kondensa mbovu, na kondensa ndiyo inayofanya kazi vizuri asubuhi kisha inakata ikipata moto. Baada ya hapo angalia koili, ile hasa iliyofungwa karibu na joto la injini. Mwisho, ule waya mfupi laini ndani ya distributa unaounganisha bamba la pointi: hukatika ndani ya ngozi yake bila kuonekana, na ukitikiswa na barabara ya rasta hugusa na kuachia.

Upande wa mafuta, fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikivutwa kwa nguvu, kitundu cha kupumulia kimeziba na pampu ilikuwa inavuta ombwe. Huu ni uchunguzi wa sekunde chache na umeokoa pampu nyingi zisinunuliwe bure. Halafu angalia kile kikombe cha pampu ya mafuta: maji na kutu vikikaa chini yake, tangi ni chafu, na utakisafisha kila wiki mpaka utakaposhusha tangi lenyewe. Kama bomba la mafuta linapita karibu na ekzosi, petroli inageuka mvuke ndani yake jua linapokuwa kali. Lisogeze, au likinge kwa bati. Pampu yenye utando uliochoka inakuja baadaye, na kabureta mwisho.

Kwa kabureta ya Zenith kuna ugonjwa wake maalumu. Sehemu ya juu hupinda kwa kukazwa kupita kiasi na kwa joto, na kile kipira chembamba cha mviringo kilichoko ndani huchakaa. Gari linakula mafuta, moshi ni mweusi, na sailensa (mwendo wa injini bila kukanyaga mafuta) haitulii hata ukizungusha skrubu. Fundi mwangalifu anaisawazisha kwa msasa laini juu ya kioo na kubadilisha kipira. Kabureta mpya za bei nafuu si suluhisho ikiwa ya zamani bado ni nzima.

Kama injini inamisi kwenye silinda moja na umeme ni mzima, pima mwanya wa valvu: milimita 0.25 zote, za kuingiza na za kutolea. Petroli yenye risasi ilikoma kuuzwa kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006. Hedi ambayo haijaguswa tangu hapo inaweza kuwa na viti laini vya valvu za kutolea moshi, na kwenye kazi nzito viti hivyo hulika polepole. Dalili yake ni mwanya unaojifunga kila baada ya muda mfupi. Ukirekebisha, ukarudi kupima na kukuta umebana tena, hiyo ni kazi ya karakana yenye mashine ya kuweka viti vigumu. Kuendelea kulegeza skrubu kunaahirisha tu.

Usukani unatetemeka kwa nguvu kuanzia kilomita 60 kwa saa

Unagonga shimo dogo au mwisho wa rasta, na magurudumu ya mbele yanaanza kupigapiga kushoto na kulia mpaka usimame. Wengi hukimbilia kufunga shokapu ya usukani. Shokapu hiyo inaficha ugonjwa kwa miezi michache, na ugonjwa ukirudi unarudi ukiwa mkubwa. Usiifunge mpaka umalize hatua zifuatazo.

Anza na tairi. Tope lililokauka ndani ya rimu linatosha kuleta mtetemo. Rimu iliyopinda, tairi iliyovimba, au upepo usiolingana kati ya kulia na kushoto huja baada ya hapo.

Kisha inua gurudumu la mbele na ulishike kwa mikono yote miwili. Lishike kulia na kushoto, ulisukume na kulivuta: mchezo (ulegevu) hapa ni wa tairodi endi, jointi za fimbo za usukani. Lishike juu na chini, ulitikise: mchezo hapa ni wa beringi ya gurudumu au wa kingpini, ile pini ambayo gurudumu hugeukia. Ili ujue ni ipi, mwambie mwenzako akanyage breki huku unatikisa. Mchezo ukipotea, ni beringi. Ukibaki, ni kingpini, kwa sababu breki inaunganisha gurudumu na kipande kinachobebwa na kingpini, na beringi haina tena nafasi ya kucheza.

Beringi hukazwa kwa nati. Kingpini hukazwa kwa kupunguza shimu zake (vibati vyembamba vya kujazia), na kabla ya kufanya hivyo angalia ile duara kubwa ya kromu inayozunguka nyuma ya gurudumu. Ikiwa imeota mashimo ya kutu, oili sili yake haiwezi kushika, oili imetoka, na kingpini imekuwa ikizunguka kavu. Kukaza kitu kilichokula kwa ukavu hakutoshi. Badilisha bushi na beringi zake.

Gari hili lina jointi sita za usukani. Mchezo wa nusu milimita kwenye kila moja, ukijumlishwa, unampa dereva usukani unaozunguka robo kabla magurudumu hayajaitika. Mwenzako atikise usukani, wewe ukae mbele na ushike kila jointi kwa mkono. Mkono unahisi kabla jicho halijaona. Angalia pia bushi za springi na yu-bolti, kwa kuwa ekseli inayotembea juu ya springi inatoa dalili ileile.

Mwisho kabisa ni ule mtungi wa chuma uliosimama wima ndani ya krosi memba (chuma cha chasisi kilichokingama) ya mbele, unaopokea mkono kutoka stelingi boksi na kuupeleka kwenye magurudumu. Usiufungue nyumbani. Ndani yake kuna springi iliyobanwa kwa nguvu kubwa sana, na ikiachiwa bila kifaa cha kuishika inaruka kama risasi. Mpelekee fundi aliyewahi kuufungua, na umuulize anaishikaje ile springi kabla hajaanza. Asipokuwa na jibu, tafuta mwingine.

Kama mtetemo umeanza baada ya kuinua gari kwa springi ndefu, basi umebadilisha mlalo wa ekseli. Kingpini zikisimama wima kupita walivyokusudia waundaji, usukani haujirudishi wenyewe na gari linatangatanga barabarani. Hapo dawa ni kabari za chuma za kulaza ekseli, zilizopimwa na mtu anayejua, na si kuchomelea.

Breki: pedali inashuka, au gari linavuta upande mmoja

Magari mengi kati ya haya yana mzunguko mmoja tu wa mafuta ya breki. Bomba moja likipasuka, magurudumu yote manne hayana breki, na ile hendibreki iliyobaki haikuundwa kwa kusimamisha gari kwa mwendo. Kwa hiyo kwenye breki sina subira na majaribio.

Pedali ikishuka sana kwa pigo la kwanza na kupanda kwa pigo la pili, viatu vya breki viko mbali na drami. Virekebishe kwa zile kamu zilizo nyuma ya bamba: zungusha mpaka gurudumu lishike, kisha rudisha mpaka lizunguke huru. Hiki ndicho chanzo cha mara nyingi. Pedali ikiwa laini, hewa imeingia; tafuta ilipoingilia kabla ya kuitoa. Pedali ikizama taratibu huku umeikanyaga bila kuachia, na hakuna unyevu popote chini, masta silinda inapitisha ndani.

Gari likivuta upande mmoja, vua drami ya upande wa *pili*, kwa maana upande usioshika ndio wenye shida. Utakuta oili ya ekseli kwenye viatu kwa sababu ya oili sili ya habu (kitovu cha gurudumu), au wili silinda iliyoganda kwa kutu. Viatu vilivyolowa oili havisafishwi kwa petroli na kurudishwa. Badilisha vyote viwili, kulia na kushoto kwa pamoja. Mipira ya breki yenye umri wa miaka mingi huvimba ndani: ukikanyaga inapitisha, ukiachia inazuia mafuta yasirudi, na gurudumu linabaki limeshika na kupata moto.

Baada ya kuvuka mto, drami hujaa maji. Endesha polepole ukiwa umekanyaga breki kidogo mpaka uhisi zinashika. Ukivuka maji ya tope mara kwa mara, fungua drami na kuziosha, maana mchanga unasaga viatu na kuchora mistari kwenye chuma.

Masta silinda, mabomba ya chuma yaliyoota kutu, na hitilafu yoyote inayorudi baada ya kurekebishwa mara moja ni vya fundi wa breki. Usiendeshe kwenda kwake. Mlete au uliburute gari.

Gia inaruka, au four-wheel imegoma kutoka

Four-wheel (magurudumu yote manne yakivuta) isiyotoka mara nyingi haina ubovu wowote. Gari hili halina difu ya katikati, hivyo ukiendesha kwenye lami au ardhi ngumu ukiwa umeingiza four-wheel, ekseli ya mbele na ya nyuma zinakabana kwenye kona na mkazo unabaki ndani ya transfa boksi. Rudi nyuma mita chache ukiwa umenyoosha usukani, au ingia kwenye mchanga, kisha jaribu tena. Usipige fimbo kwa nyundo. Na kumbuka kwamba ukivuta fimbo nyekundu kwenda gia nzito (zile za nguvu na mwendo mdogo), four-wheel inajiingiza yenyewe.

Gia inayoruka, anza na mipira ya kushikilia injini na gia boksi. Ikiwa imeoza kwa oili, gia boksi inatembea ukiachia pedali ya mafuta, na kutembea huko kunaitoa gia. Kisha angalia kiwango cha oili, ambayo ni ya aina ya EP90. Baada ya hapo vyanzo viko ndani: springi za kushikilia fimbo, gia zilizochakaa, mchezo wa shafti. Kufungua gia boksi hii kunahitaji kifaa cha kuvuta beringi na mtu mwenye shimu za kupimia. Kuinunua iliyofumuliwa vizuri kunaweza kuwa nafuu kuliko kuijifunzia.

Mlio mkubwa nyuma, kisha injini inanguruma na gari halitembei

Hafu shafti, fimbo inayopeleka nguvu kutoka difu hadi gurudumu, imekatika. Ekseli ya Rover ndiyo dhaifu zaidi. 109 nyingi za Series III zina ekseli ya nyuma ya Salisbury, nzito na imara, lakini ya mbele inabaki ya Rover. Ukiweka tairi kubwa kuliko 7.50-16, ukaingiza gia nzito, ukakanyaga mafuta kwa nguvu huku gurudumu moja limekwama kwenye mwamba, nguvu yote inatua kwenye chuma chembamba. Aina ya uendeshaji inakata shafti nyingi kuliko uzito wa mzigo: gurudumu linalozunguka hewani kwa kasi kisha likashika ghafla.

Habari njema ni kwamba gurudumu linabebwa na habu, hivyo halidondoki. Vua flenji na shafti, toa vipande vyote vya chuma kwa sumaku, funika tundu la habu kwa kitambaa safi na bati ili vumbi lisiingie, ingiza four-wheel, na utafika kwa kuvutwa na magurudumu ya mbele, polepole. Usiache kipande ndani. Kikiingia kati ya meno ya difu utabadilisha difu nzima. Safari hiyo yote hesabu kwamba huna hendibreki, na ukisimama tia mawe.

Hapa ndipo swali la kubadilisha injini linapoingia. Petroli ya lita 2.25 ilitoa takriban nguvu farasi 70, na gia boksi, klachi na ekseli zilipimwa kwa hiyo. Dizeli ya 200Tdi, ambayo wengi huipenda na kwa haki, ina zaidi ya 100. Inaweza kufanya kazi miaka mingi kwenye gari hili kama dereva ana mguu mwepesi na breki zimeimarishwa kwanza. Kama mpango ni tairi kubwa, mzigo mzito na injini hiyo kwa pamoja, tenga fedha za ekseli kabla ya fedha za injini.

Taa hafifu, stata inavuta kwa uvivu

Ethi. Karibu kila mara ni ethi. Bodi ni ya aloi ya alumini na chasisi ni ya chuma, na metali hizo mbili zikikutana na unyevu zinalana, na umeme haupiti. Safisha waya mnene wa betri hadi chasisi, ule wa chasisi hadi injini, kisha ongeza waya mmoja wa ethi kwa kila taa badala ya kutegemea bodi. Ikibaki, pima altaneta: injini ikizunguka betri isome kati ya volti 13.5 na 14.5 hivi.

Onyo moja kwa wenye gari za miaka ya 1960: nyingi zilitoka na chanya ikiwa ndiyo ethi. Kabla ya kufunga betri mpya au redio, hakikisha gari lako liko upande gani. Betri ikifungwa kinyume, altaneta huungua papo hapo.

Oili chini ya gari

Yeyote anayemiliki gari hili ataona oili. Kabla ya kununua sili, zibua vitundu vya kupumulia juu ya ekseli. Vikiziba kwa tope, presha ya joto inasukuma oili kupitia sili nzima. Oili inayodondoka kwenye tundu la chini ya nyumba ya klachi ni ya injini kama ni nyeusi na ya gia boksi kama ina harufu nzito ya salfa. Tundu hilo lina bolti yake ya kufungwa kabla ya kuvuka maji marefu na kutolewa baada yake. Ikibaki imefungwa, oili itapanda mpaka klachi ianze kuteleza. Siku inayofuata baada ya maji marefu, fungua plagi ya chini ya kila difu kidogo. Maji hutangulia oili. Ukiyaona, mwaga yote na ujaze upya.

Mlango haufungi vizuri, gari limelala upande mmoja

Watu hununua springi mpya. Kabla ya springi, ingia chini na nyundo ndogo. Bodi ya alumini haioti kutu kama chuma, na ndiyo maana gari linaweza kung'aa kwa juu huku chasisi imeoza kutoka ndani. Gonga krosi memba ya nyuma, vikono vinavyobeba bodi, na hasa mahali springi zinaposhikwa. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti nzito au nyundo inazama. Ukikuta rangi nyeusi nene mpya imepakwa sehemu moja tu, hapo ndipo pa kugonga zaidi.

Tundu kwenye kikono cha bodi linarekebishika. Tundu karibu na kishikio cha springi au cha stelingi boksi ni sababu ya kuliegesha gari leo. Kazi ya kuchomelea hapo ni ya fundi mwenye uzoefu wa chasisi, anayekata mpaka akute chuma safi na kuweka bamba la unene uleule, si anayebandika kiraka juu ya kutu. Betri ichomolewe. Tangi la petroli, ambalo kwenye nyingi liko chini ya kiti cha mbele, lishushwe na kupelekwa mbali, kwani tangi lisilo na mafuta bado lina mvuke, na mvuke ndio unaolipuka. Fundi akikuambia atafunika tangi kwa gunia lenye maji, chukua gari lako uondoke.